Ndonya: Pambo la Mdomo kwa Wanawake wa Kusini, na Neno la Kanisa

Wahudumu waliopata kutumwa katika mikoa ya Lindi na Mtwara miaka ya 1970 na 1980 watakumbuka kuwaona vikongwe ambao mdomo wao wa juu ulikuwa na tundu kubwa, nao umelegea mbele ya meno. Wachache kati yao walikuwa bado wamevaa ndani ya tundu hilo kipande cha mti cha mviringo, kilichochongwa na kung'arishwa. Kipande hicho ndicho ndonya. Nambilanje, ambayo leo ni kata katika wilaya ya Ruangwa, na ambayo zamani ilihesabiwa pamoja na Nachingwea, imo katika nchi ya Wamwera. Na Wamwera, pamoja na jirani zao Wamakonde na Wamakua, walikuwa watu wa ndonya.

Makala haya yanakusudia kueleza pambo hilo lilikuwa nini. Pamoja na hayo yanakusudia kupima neno moja ambalo limerudiwa mara nyingi shuleni na hata mimbarani, yaani kwamba ndonya ilibuniwa ili kuwaharibu wanawake sura, wasitamaniwe na wafanya biashara ya watumwa. Mimi naona neno hilo haliwezi kusimama. Tena naona kwamba kwa kulishika tumejinyima nafasi ya kuuliza swali lililo zito zaidi: tulimwomba nini mwanamke yule tulipomwambia aivue ndonya yake kabla ya kubatizwa?

Pambo lenyewe

Ndonya huvaliwa katika mdomo wa juu. Msichana alitogwa akiwa bado mtoto. Tundu likawekewa kijiti chembamba lisizibe, na kila lilipopona na kulegea kidogo, kijiti kikabadilishwa kwa kingine kinene zaidi. Kazi hii ilichukua miaka. Kwa hiyo hakuna mwanamke aliyevaa ndonya kubwa kwa ghafula. Ukubwa wake ulikua pamoja naye, hata mtu mwenye kuijua desturi aliweza kumtazama mwanamke na kukisia hatua aliyofikia maishani. Ndonya ya mtu mzima iliweza kufikia upana wa sentimita 5 au zaidi.

Wachongaji wa kusini hawakukosa mti wa kazi. Misitu ya Lindi, Kilwa na Nachingwea ina mpingo mwingi, mti mzito, mweusi kiini chake, unaokubali kung'arishwa hata ukawa kama kioo. Pembe za ndovu nazo zilitumika mahali pengine. David Livingstone, alipopita katika bonde la Shire mwaka 1859, aliwaona wanawake wa Kimang'anja wakivaa pambo la namna hiyo hiyo, ambalo huko waliliita pelele. Aliandika kwamba maskini walilitengeneza kwa mwanzi, na wenye uwezo kwa pembe za ndovu au kwa bati. Tusisahau kwamba katika siku zile pembe ilikuwa mali iliyobebwa mabegani kwenda Kilwa na Lindi, ikauzwa kwa wageni. Aliyeiweka mdomoni mwa binti yake badala ya kuiuza alijua anachokifanya.

Ndonya haikuwa peke yake. Usoni na tumboni kulikuwa na chale zilizochanjwa kwa mistari na pembe, ambazo Wamakonde huziita kwa jina lenye asili moja na neno letu nembo. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaeleza nembo kuwa ni alama ya kabila iliyochanjwa mwilini. Leo tunasema nembo ya taifa, nembo ya dayosisi, nembo ya chuo, wala hakuna anayekumbuka kwamba neno hilo lilitoka katika ngozi ya mtu. Wanawake wa Kiyao, kwa upande wao, hawakuvaa ndonya bali kipini puani, kijiti kidogo cha mpingo ambacho uso wake ulitiwa nakshi ya madini meupe. Kipini hicho ni ndugu wa kipini cha dhahabu au fedha wanachovaa wanawake wa pwani hadi leo, na sijapata kusikia mhubiri akimlaumu mwanamke wa pwani kwa kipini chake.

Ushahidi bora wa maana ya ndonya umo katika sanaa ya uchongaji yenyewe. Wamakonde wanasimulia kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, akachonga sanamu ya mwanamke katika mti, na sanamu ile ikawa hai, ikawa mke wake na mama wa watu wote. Katika ngoma ya mapiko, inayochezwa wakati wa jando na unyago, mabarakoa yanayoonyesha mwanamke mtu mzima huchongwa yakiwa na ndonya mdomoni na chale mashavuni. Mchongaji hakuiweka ndonya pale kama kilema. Aliiweka kwa sababu bila hiyo uso ungekuwa wa mtoto.

Hadithi ya watumwa

Sasa tuitazame ile hadithi. Nguvu yake ni kwamba imejengwa juu ya msiba wa kweli. Katika karne ya 19 njia za misafara kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa Kivinje na Lindi zilipita katika nchi hizi za kusini, na maelfu ya watu walipelekwa pwani, wakavushwa hadi Unguja na kwingineko. Hakuna ukoo wa Wamwera, Wamakua, Wangindo au Wayao usiokuwa na kumbukumbu ya mtu aliyechukuliwa. Basi mzee anaposema ndonya ilikuwa kinga, anasema kwa uchungu ulio halali.

Hata hivyo sababu za kuikataa hadithi hii ni nyingi. Kwanza, wanunuzi walitaka mikono. Mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yalihitaji watu wa kupalilia na kuchuma, na mdomo uliotogwa haukumzuia mtu kuchuma karafuu. Pili, kinga hiyo haikukinga: wasafiri wa karne ya 19 waliwaona Unguja wanawake wa kusini wenye midomo iliyotobolewa, nao walikuwa watumwa. Watu wangewezaje kuendelea kuwatoga binti zao kwa vizazi, wakiona kwamba dawa haiponyi?

Tatu, tunao ushahidi wa watu wenyewe kutoka katika miaka ile ile ya hatari. Livingstone alimwuliza mzee mmoja wa Kimang'anja sababu ya pelele. Bonde la Shire wakati ule lilikuwa linaanza kuteketezwa na wawindaji wa watumwa, na Livingstone mwenyewe alikuwa adui mkubwa wa biashara hiyo. Lau mzee angetaja watumwa, mgeni wake angelifurahia jibu hilo na kulitangaza Uingereza nzima. Mzee hakutaja watumwa. Alishangaa kuulizwa, akajibu kwamba ni uzuri: mwanamume anazo ndevu, naye mwanamke angekuwa kitu gani pasipo ndevu wala pelele? Livingstone aliona pambo lenyewe linachukiza, wala hakuficha chuki hiyo. Lakini alikuwa mwaminifu kuliandika jibu, na kwa hilo tunamshukuru.

Mtu anaweza kupinga hivi: Wayao, ambao wengi wao walikuwa wafanya biashara, hawakuvaa ndonya, bali jirani zao waliowindwa ndio walioivaa, je, si dalili? Hoja hii ina sura ya ukweli. Lakini Wayao nao waliuzwa kwa wingi, tena walikuwa na mapambo yao waliyotoboa usoni, yaani kipini. Tofauti ya ndonya na kipini ni tofauti ya makabila, kama vile tofauti ya lugha. Na hadithi hii hii husimuliwa na wageni juu ya Wamursi wa kusini magharibi mwa Ethiopia, ambao wanawake wao huvaa sahani ya udongo katika mdomo wa chini. Inaelekea kwamba popote mgeni anapoona mdomo uliotanuliwa, hawezi kuamini kwamba mtu aliutaka hivyo, kwa hiyo hutafuta mtu wa nje aliyemlazimisha.

Hapo ndipo ubaya wa hadithi ulipo. Inaonekana kuwahurumia bibi zetu, kumbe inawanyang'anya uzuri wao. Inatufundisha kwamba waliujua ubaya wa sura yao kama sisi tunavyouona, na kwamba waliuchagua kwa hofu. Kijana wa Nambilanje anayesimuliwa hivi shuleni hujifunza kumhurumia bibi yake. Heshima hajifunzi.

Macho ya wageni

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alifika Lindi akasafiri kuelekea bara kupitia Nyangao hadi Masasi na Newala. Alipiga picha, akanasa nyimbo katika mitungi ya nta, akakusanya vinyago na vyombo, na mwaka 1908 akachapisha kitabu juu ya safari hiyo. Ndonya na chale zimeelezwa humo kwa urefu, na mengi tunayoyajua juu ya mapambo ya wakati ule tumeyapata kwake. Lakini yafaa tukumbuke alipita lini. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimefika kwa Wamwera mwaka 1905. Misioni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa, kisha jeshi la Wadachi likalipiza kisasi, na njaa ikafuata. Wanawake waliosimama mbele ya kamera ya Weule walikuwa watu walioshindwa na wenye njaa, wakitazamwa na mtu wa taifa lililowashinda. Picha ile haituonyeshi mwanamke aliyevaa ndonya siku ya ngoma, mbele ya watu waliojua kumtazama.

Wamishenari walikuwa wametangulia. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana alitoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, akinuia kufika Ziwa Nyasa, nao wakakaa Masasi. Wengi wao walikuwa wenyeji wa kusini, lakini walirudi wakivaa kanzu na kusema Kiswahili. Wabenediktini walifuata, na baada ya vita wakajenga Ndanda kuanzia mwaka 1906. Kanisa letu la Kilutheri lilichelewa kuota mizizi katika nchi hizi, lakini tusijione kuwa tumetakasika kwa sababu hiyo. Kaskazini tulikuwa na masikio ya Wamasai, na maswali yalikuwa yale yale.

Si haki kuutwika umisheni mzigo wote. Uislamu ulienea sana kusini katika karne ya 20, na pamoja nao ustaarabu wa pwani, ambao uliihesabu ndonya kuwa ushenzi. Mwanamke aliyetaka kuitwa mstaarabu alijifunga kanga na kuacha mdomo wa binti yake. Kisha kukaja mashamba ya mkonge, na mradi wa karanga wa Nachingwea kati ya mwaka 1947 na 1951, uliowaleta watu wa kila kabila, na vijana wakachekwa na wageni kwa sababu ya mama zao. Katika miongo hiyo ya katikati ya karne desturi ilififia. Baada ya uhuru serikali nayo ilipita njia hiyo hiyo, kama ilivyokuwa kwa Wamasai waliposhurutishwa mwaka 1968 kuacha rubega na kujipaka ngeu.

Hata hivyo kanisa lilisema jambo ambalo hakuna mwingine aliyelisema, yaani kwamba Mungu anahusika na mdomo huu. Kwa sababu hiyo ni lazima tujibu sisi.

Turudi kwa Livingstone mara moja tu. Aliandika pia kwamba hakuna mwanamke aliyeonekana hadharani bila pelele, isipokuwa wakati wa kuomboleza wafu. Msomaji na asimame hapo kidogo. Mwanamke aliyelelewa katika desturi ya namna hiyo anafika kwenye darasa la ubatizo, anaambiwa avue. Mwalimu anaona kitu cha kipagani kimeondolewa. Mwanamke anajisikia amesimama mbele ya watu katika hali ya mfiwa, na siku ya kuvaa tena haitakuja. Tundu halizibi. Mdomo uliotanuliwa kwa miaka 10 hauwezi kurudi. Unalegea, unashindwa kufunga vizuri, maji yanatiririka anapokunywa, na sauti za b, p na m zinamponyoka. Ndonya ikiwapo, mdomo ulikuwa na umbo na mwenye nao aliumudu. Ikiondolewa, linabaki jeraha lisilo na maana. Kila mchungaji ajuaye kugawa kikombe cha Bwana anaweza kufikiri mwenyewe jambo hilo lilikuwaje kwake aliyepiga magoti.

Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi tangu mwaka 1926 hadi 1944, aliona sehemu ya jambo hili. Aliichukua jando, akaiacha na mengi ya utaratibu wake, akaitia sala za Kikristo, akiamini kwamba mtoto asiyepita jandoni hatahesabiwa kuwa mtu kwao. Kwa upande wa wasichana kazi ilichelewa na ikawa ngumu zaidi, maana mambo ya unyago yalikuwa mikononi mwa wanawake, na wamishenari waliyaogopa. Katika kanisa letu Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Uchagani tangu mwaka 1902 hadi 1938, alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Injili haina budi kuviheshimu. Ni mafundisho makubwa. Lakini Lucas na Gutmann walifikiri zaidi juu ya jamii kuliko mwili, na mwili wa mwanamke hasa haukupata mtetezi.

Maandiko yanasema nini

Wenye kukataza mapambo husoma 1 Petro 3:3 na 1 Timotheo 2:9. Tuzisome vizuri. Yanayotajwa humo ni kusuka nywele, dhahabu, lulu na nguo za thamani, yaani mambo ya wanawake wenye mali katika miji ya Asia Ndogo. Mwanamke wa Kimwera mwenye kipande cha mpingo hayumo. Aliye karibu zaidi na onyo hilo ni bibi arusi wa leo, ambaye gharama ya gauni lake wachungaji tunaifahamu, nasi tunambariki.

Wengine hutaja Walawi 19:28 juu ya kuchanja mwili. Lakini mstari huo unasema juu ya kuchanja kwa ajili ya wafu. Ni amri dhidi ya ibada ya maombolezo. Twaweza kuutumia juu ya chale zilizotiwa dawa ya uganga. Hauwezi kutumika juu ya pambo, tena pambo lililovuliwa wakati wa msiba!

Pambo la kutoboa uso limetajwa waziwazi katika Agano la Kale, nalo ni pete ya puani. Katika Mwanzo 24 mtumishi wa Ibrahimu anamtia Rebeka pete ya dhahabu puani, na ndiyo dalili ya kwanza kwamba amechaguliwa. Katika Ezekieli 16:12 Mungu mwenyewe ndiye anayemvika Yerusalemu pete hiyo, kama mume anayempamba mke aliyemwokota akiwa ametupwa. Halafu katika Isaya 3:21 pete zile zile za puani zimo katika orodha ya vitu ambavyo Bwana ataviondoa. Je, Mungu amegeuka? Soma mistari ya 14 na 15 ya sura hiyo: wazee na wakuu wameliteketeza shamba la mizabibu, na mali zilizonyang'anywa maskini zimo nyumbani mwao. Nabii anaondoa pambo kwa sababu limetokana na dhuluma. Kwa kipimo hicho swali la kuiuliza ndonya lingekuwa hili: ni nani aliyedhulumiwa ili ivaliwe?

Swali hilo halikosi jibu, wala sitaki kulikwepa. Aliyetogwa alikuwa mtoto, hakuulizwa. Uchungu ulikuwa mwingi, meno na ufizi vilisukumwa, na kula kulikuwa na taabu yake. Sitetei mdomo wa mtoto yeyote utogwe tena, na nafurahi kwamba hautogwi. Kanisa lingeweza kusema hivi kwa mama: mwache binti yako alivyo, wewe kaa ulivyo, uje mezani. Huko kungekuwa kumlinda mtoto pasipo kumwaibisha mama. Mahali pengi tulianza na mama, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mlangoni akiomba ubatizo, na kwa hiyo ndiye aliyekuwa rahisi kuamriwa.

Kazi iliyobaki kwa wanafunzi

Vitu alivyokusanya Weule vilikwenda Leipzig. Walioivaa ndonya karibu wote wamekwisha kufariki, lakini watoto na wajukuu wao wapo Nambilanje, Ruangwa na Nachingwea, nao walikula na bibi hao chungu kimoja. Mwanafunzi anayepelekwa huko kwa mazoezi ya usharika anaweza kuyaandika yale yaliyosalia, iwapo atauliza kwa adabu na bila haraka. Asianze na watumwa, maana akianza hapo atajibiwa watumwa. Na aulize ndonya ya bibi ilichongwa na nani, na kwa mti gani. Aulize ni nani aliyemtoga, na siku ile kulipikwa nini. Aulize bibi aliivua lini kwa mara ya mwisho, na ni nani aliyemwambia; kama jibu ni padre, mwalimu wa dini au mchungaji, aliandike vilevile lilivyotamkwa, asilipunguze makali. Mwishoni, kama mwenye nyumba ameridhika, na aulize ile ndonya ilizikwa naye au imo bado ndani ya sanduku.